Mto Uliohama na Mpaka Uliobaki

Siku mliyoniaga ofisini, mmoja wenu aliniomba niwaandikie siri za kazi. Nilicheka. Kazi ya kupima ardhi haina siri. Ina miiba, ina jua, na ina watu wawili waliosimama mahali pamoja, kila mmoja akiapa kwamba pale ni kwao. Lakini sasa nimekaa nyumbani hapa Tarime miezi kadhaa. Mahindi nimeshapalilia, kuku wamenizoea, na nimejikuta naanza kuwaonyesha majirani kwamba uzio wao umepinda bila wao kuniuliza. Nikaona ni afadhali niandike. Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo nitairuka, na kuiruka hakutanichosha.

Niliripoti kazini pale Bomani nikiwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi vizuri na viatu vyenye kisigino kifupi. Fundi mkuu wa vipimo alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mfupi mwenye shingo nene, ambaye alikuwa amepima nusu ya mkoa kabla mimi sijajifunza kuandika jina langu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha badala ya kuangalia vyeti vyangu akaangalia miguu yangu.

"Unavaa kiatu namba ngapi, binti?"

Nikamwambia. Akaingia stoo, akatoka na gambuti nyeusi zilizopasuka kidogo kwa pembeni, akaziweka mezani juu ya barua yangu ya ajira.

"Meza yako hiyo," akasema. "Viti utavikuta huko porini."

Siku hizi mnashika kifaa kimoja mkononi, kinaongea na mitambo iliyo juu angani, na kabla hamjafunika kalamu namba zimeshatoka. Sisi tulikuwa na theodolaiti, mashine yenye darubini inayokaa juu ya miguu mitatu ya mbao. Kabla hujasoma pembe yoyote ilikupasa kuisawazisha mpaka kiputo cha hewa kitulie katikati ya kichupa chake. Mzee Masanja alikuwa anasubiri nikaribie kumaliza, kisha anaanza kunisimulia habari za ng'ombe wake, kwa makusudi, aone kama mkono wangu utatetereka. Ulitetereka sana mwaka wa kwanza. Habari za ng'ombe wale ninazo mpaka leo.

Jambo kubwa alilonifundisha halikuwa la mashine. Alikuwa hafungui sanduku la vifaa kabla hajatembea mpaka wote kwa miguu na watu wa pande zote mbili. Alisema mtu akiwa kwenye mkutano anasema kile anachotaka kisikike, lakini akitembea anachoka, anaanza kusema ukweli: hapa tulipigana, hapa baba alipanda mkonge, hapa tuliibiwa ndama. Nimefanya hivyo miaka yangu yote. Ninyi mlikuwa mnanicheka kwamba natembea sana. Sawa.

Tarime ilinifundisha kwamba kuweka bikoni, lile jiwe la zege linaloonyesha mpaka, ni jambo moja, na kuikuta kesho yake ni jambo lingine. Kulikuwa na mzozo wa koo mbili uliokwisha kumwaga damu, na sisi tukaenda na askari kuweka mpaka. Asubuhi iliyofuata bikoni moja haikuwepo. Polisi wakataka kukamata vijana. Mzee Masanja akaomba kwanza tuzunguke kwenye nyumba za jirani, na katika jiko la mama mmoja tukaikuta, moja ya mafiga matatu, sufuria ya uji juu yake.

"Mama, hii ni mali ya serikali," nikamwambia.

"Nilijua ni ya serikali," akajibu. "Ya mtu nisingechukua."

Tukanywa uji, tukamsubiri aivishe maharage, tukarudisha bikoni yetu ikiwa na masizi. Tangu siku hiyo watu wa pande zile wakaniita Mama Bikoni, na jina likanifuata. Hata shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, alilisikia. Akaniomba nisogeze mpaka wa nchi kidogo ili akija kunitembelea asiulizwe maswali na askari.

Baada ya miaka nikahamishiwa Wilaya ya Serengeti. Mzee Masanja alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Kazi yangu kule ilikuwa kusaidia vijiji kupata vyeti vya ardhi na mipango ya matumizi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa pasiguswe. Nilianzia Issenye, nikijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na vigingi vya chuma vimefungwa nyuma. Nilianguka mara nyingi mbele ya wanafunzi wa sekondari, na nadhani baadhi yao walichagua masomo ya sayansi ili wasifanane na mimi.

Sasa nifike kwenye kijiji ambacho ndicho hasa kimenifanya nikae chini kuandika. Jina lake naliacha. Wenyewe wapo hai, na wameshasemwa vya kutosha.

Ni kijiji cha wakulima na wafugaji walioishi pale tangu kwa mababu wa mababu zao. Mashariki ya kijiji kuna mto mdogo, na ng'ambo ya mto ndipo hifadhi inapoanzia. Tangazo lililoanzisha hifadhi ile, zamani, lilisema mpaka ni mto. Cheti cha kijiji nacho kilipoandaliwa kilisema mpaka ni mto. Kila mtu alilijua hilo, hata watoto wanaochunga. Mzee Masanja alikuwa hapendi mipaka ya mto, kwa hiyo niliomba saruji nikaweke bikoni kwenye kingo. Nikajibiwa kwamba mto upo pale pale, bikoni ni za nini?

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Makuru, mtu wa kanisa, mwenye tabia ya kuvua kofia hata akizungumza kwenye simu. Alinitembeza mpaka wote. Karibu na mto, katika kona ambayo maji yalikunja kama kiwiko cha mkono, tukafika kwenye mji wa shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Aliitwa Mama Wegesa. Alikuwa mrefu, mkavu, amenizidi umri kiasi cha kumwamkia bila kujiuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepima? Basi njoo upime na hiki."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya mikuyu kulikuwa na chemchemi iliyojengewa mawe kuizunguka, maji yakitoka taratibu, meupe. Mume wake ndiye aliyeichimbua na kuijengea, na kijiji kizima kilichota pale. Mwenyewe alikuwa amezikwa hapo hapo, juu kidogo, penye kivuli. Mama Wegesa alisema alichagua hivyo wakati anaumwa, ili asikie watu wanaokuja kuchota. Nilikunywa maji yale, nikaandika kwenye ramani neno "chemchemi," nikaondoka. Kazi ilikuwa nyepesi siku ile. Nakumbuka nilirudi Mugumu, makao ya wilaya, nikiimba.

Miaka iliyofuata mvua ikaanza kututania. Mwaka mmoja ilichelewa, mwaka mwingine ikaja mara moja ikaondoka, kisha ukaja ukame wenyewe, ule ambao ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani wakielekea kwenye maji. Mto ukabaki madimbwi, kisha mchanga. Chemchemi ya Mama Wegesa haikukauka. Watu walianza kuja kuchota kutoka vijiji vya mbali, na baada ya watu wakaja wanyama. Tembo hawakuwa wageni pale, lakini zamani walipita. Sasa walibaki. Mama Wegesa aliniambia aliamka asubuhi akakuta alama za miguu yao zimejaa uani, mihogo imeng'olewa, na kaburi la mumewe halijaguswa. Alisema wana heshima kuliko mbuzi wa Makuru.

Halafu mvua zikaja zote kwa pamoja, kama zilikuwa zimefungiwa mahali. Ardhi ilikuwa ngumu, haikunywa kitu. Mto ukashuka kutoka milimani na magogo na mizoga, ukafika kwenye ile kona iliyokunja, ukakataa kukunja. Ukakata moja kwa moja kupitia mashamba ya kijiji, magharibi ya mji wa Mama Wegesa. Maji yalipopungua, mto ulikuwa na njia mpya. Ile njia ya zamani ilibaki mchanga mtupu. Na kipande chote cha katikati, chenye miji kadhaa, makaburi, mashamba mazuri kuliko yote, na chemchemi, kilikuwa sasa upande wa pili wa maji. Upande wa hifadhi.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Watu walivua viatu, wakavuka, wakaendelea kulima. Lakini msimu wa kiangazi ng'ombe wa kijiji walikamatwa karibu na chemchemi na askari wa hifadhi, wachungaji wakaambiwa wamechungia ndani. Kijiji kikaja juu. Mimi nikaitwa.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Upande wa hifadhi alikuja afisa kijana, Daudi, mtaratibu, aliyeandika kila kitu na kumwamkia kila aliyemzidi umri. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya, ingerahisisha hadithi. Hakuwa hivyo.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sikuleta mto. Tangazo linasema mpaka ni mto. Nikitoka hapa nje nikaulizwa mto uko wapi, nitaonyesha wapi? Nitaonyesha maji."

"Na kesho mto ukihamia kanisani?" Mama Wegesa akauliza. "Mchungaji naye atakuwa mnyama wa hifadhi?"

Watu walicheka, Daudi naye akacheka. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, na alilisema bila ukali. Alisema ukame umekausha mabwawa yote ya upande wao, na wanyama sasa hawana maji mengine ya kiangazi ila yale. Wakifukuzwa pale wataingia vijijini zaidi. Nilimwangalia Makuru, nikaona naye anajua ni kweli. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatugombanii mstari. Tunagombania tone la maji lililobaki, na wanaolihitaji ni zaidi ya mmoja.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilitembea. Niliwachukua Makuru, Mama Wegesa, Daudi na askari wake wawili, tukafuata njia ya zamani ya mto kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchanga ulikuwepo, makombe ya konokono yalikuwepo, na mikuyu iliyokufa ilisimama kwa mistari miwili, kushoto na kulia, hata mtu asiyejua lolote angeona mto ulipita pale. Nikaweka vigingi, nikachora ramani yenye njia zote mbili, na nikatoa maoni yangu kama mtaalamu: mto ulihama ghafla, kwa mafuriko, na watu hawakuhama, kwa hiyo mpaka ubaki kwenye njia ya zamani. Wakubwa wangu waliniunga mkono. Kamati iliyotumwa kutoka mkoani ilifika, ikatembea, mmoja wao akaharibu viatu vyake vizuri, na wote wakaelekea kukubali. Daudi mwenyewe aliniambia pembeni, "Mama, nadhani mtapata." Nilidhani tumeshinda.

Kabla kamati haijaandika uamuzi, Petro, mtoto wa kwanza wa Makuru, alikwenda kuchota maji asubuhi kwa baiskeli. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto. Tembo jike alikuwa pale na ndama wake, nyuma ya mikuyu. Waliosikia walisema haikuchukua muda.

Nilikwenda mazishini. Makuru alisimama kaburini kofia mkononi, mvua ndogo ikimnyeshea, na hakuivaa tena hata tulipoingia ndani. Kamati ikarudi kwa mkutano wa mwisho, na safari hii tulikaa nje, maana watu walikuwa wengi mno. Makuru akasimama kabla ya wote.

"Mimi nimezika," akasema. "Sitaki kuzika tena kwa ajili ya kisima. Wachukue. Mpaka uwe maji yalipo sasa, sisi tuhame huku, tuchimbiwe kisima kingine. Mnaotaka kubaki kule, bakini, lakini msije kuniambia nije na machela."

 Mama Wegesa alikuwa amekaa chini na wanawake. Hakusimama.

"Shemeji," akasema, "pole. Nililia kwako, unajua. Lakini wewe mtoto wako umemzika huku. Utaamka, utakwenda kwake kwa miguu yako. Mimi wangu mnamwacha ng'ambo."

 Makuru alikaa chini. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama nina la kusema kitaalamu. Nilikuwa nayo ramani yangu mkononi, safi, sahihi, na haikuwa na mahali pa kuonyesha kilichotokea kwa Petro. Nikasema maoni yangu ya kitaalamu hayajabadilika, lakini ardhi ni ya kijiji, kijiji kiamue. Mikono ikanyooshwa. Ile ya kuhama ilikuwa mingi. Mkono wa Mama Wegesa ulibaki mapajani.

Nikaomba mambo mawili yaandikwe, na yakaandikwa. La kwanza, kwamba watu wataruhusiwa kuchota kwenye chemchemi kiangazi wakiwa na askari, na kwenda makaburini. La pili, kwamba mpaka usiitwe tena mto. Nilisema tumeona mto unavyofanya, na ukiendelea kuhamia magharibi kijiji kitakwisha. Kwa hiyo tuweke bikoni kwenye ukingo wa sasa, na iandikwe kwamba mpaka ni mstari wa bikoni na hautahama hata mto ukihama. Sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Makuru alinishukuru kwa mikono miwili. Daudi alikubali haraka. Niliiona kuwa kitu pekee nilichowaokolea.

Saruji safari hii ilikuja bila kuombwa mara ya pili. Siku ya kuweka bikoni za kona ile, mto ulikuwa umepungua, maji yake matope matupu, hayafai kuchanganyia zege. Mafundi wakaanza kulalamika. Mama Wegesa alikuwa bado hajahama, alikuwa anafunga vyombo vyake. Alituona tumesimama, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo kichwani, akavuka mto nayo, akaitua mbele yangu.

"Mama, usifanye hivyo," nikamwambia.

"Nifanyeje? Mkae na jua bure?" Akatazama shimo tulilochimba. "Kazi ni kazi. Nami nimekwisha kusema nilichokuwa nacho."

Tukachanganya zege kwa maji yale. Alirudi kuleta ndoo nyingine ya kunywa. Nimeweka bikoni nyingi maishani, na nyingi nimezisahau kabla saruji haijakauka. Ile naweza kuwaambia hata upande mwiko ulipoteleza.

Kisha kila mtu akaenda na njia yake. Mama Wegesa alihamia Busawe kwa binti yake aliyeolewa kule. Kijiji kikachimbiwa kisima, maji yakatoka yana chumvi, chai ikabadilika ladha, watu wakazoea. Ile ruhusa ya kuchota na kwenda makaburini ilifanya kazi mwanzoni, Daudi akiwepo. Yeye alikuwa anawasindikiza wanawake mwenyewe. Akahamishwa. Aliyemfuata alitaka kibali kutoka juu zaidi, aliyemfuata huyo hakuwa na taarifa, na baada ya muda watu waliacha kuomba. Hakuna aliyewanyang'anya. Ilififia tu, kama rangi ya nguo.

Hayo yote mngeweza kuyasikia kwa wengine. Lakini kilichotokea mwaka wangu wa mwisho kazini, wawili kati yenu mlikuwa nami kwenye gari, kwa hiyo mtaniambia kama naongeza chumvi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa kuliko zile za kwanza. Nilipigiwa simu asubuhi na Makuru, mzee sasa, uenyekiti ameuacha siku nyingi. Nilimjua kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kijana.

"Mama Bikoni! Mto umerudi!"

"Umerudi wapi, mzee?"

"Kwake! Umerudi kwake!"

Tulikwenda. Ilikuwa kweli. Mafuriko yalikuwa yamejaza mchanga ile njia mpya na kuifungua njia ya zamani. Maji yalikuwa yanapita katikati ya mikuyu iliyokufa, mashariki, kule kule yalikopita nilipokuja mara ya kwanza nikiwa mwanamke kijana. Bikoni zetu zilisimama zimejipanga mstari kwenye mchanga mkavu. Na kile kipande, chenye magofu ya nyumba na majani marefu na chemchemi, kilikuwa kimeungana na kijiji tena. Hapakuwa na kitu katikati, hata unyevu. Watu wengi walikuwa wamekuja kutazama, wamevaa kama siku ya ibada. Makuru alinishika mkono.

"Basi mpaka umerudi," akasema. Hakuwa anauliza.

Mnakumbuka nilizihesabu bikoni kwa kidole, moja moja. Mmoja wenu alidhani sikusikia, akataka kumjibu yeye.

"Haujarudi, mzee," nikasema. "Mpaka sasa ni bikoni. Tuliandika hautahama hata mto ukihama."

Akanitazama, akazitazama bikoni. Nilimwona anaitafuta ile siku kichwani mwake.

"Lakini ile sentensi ulisema ni ya kutulinda."

"Ndiyo, mzee. Ndivyo nilivyojua."

Hakunilaumu. Aliniachia mkono polepole, akawaambia watu warudi nyumbani. Nilipeleka maombi ya kupitia upya mpaka ule, na niliyaandika vizuri kuliko kitu chochote nilichoandika katika kazi hii. Nikajibiwa kwa upole kwamba mpaka ule ni wa wazi, una bikoni, umekubaliwa na pande zote, na hauna mgogoro. Yote ni kweli. Niliwahi kufundisha kwamba mpaka wa namna hiyo ndio mpaka mzuri.

Mmeniuliza kama najuta. Nimepitia kila hatua ya kazi ile, jinsi mtu anavyorudia vipimo vyake pembe zisipofunga hesabu, na sijaona nilipokosea. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeona kosa ningelisahihisha, hiyo ndiyo kazi tuliyosomea. Mto ulipohama ulihama na ardhi ya watu. Uliporudi, ulirudi peke yake.

Niliona ni lazima Mama Wegesa asikie kutoka kwangu. Nilikwenda Busawe wiki ya mwisho kabla ya kustaafu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, macho yamepungua nguvu, vidole bado vyepesi. Nikakaa, nikachukua gunzi, nikapukuchua naye, nikamweleza yote, pamoja na sentensi yangu. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Kwa hiyo maji yako mashariki," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akisimama kwenye hayo mawe yenu, kaburi linaonekana?"

"Majani ni marefu, lakini kilima kile kinaonekana. Na mikuyu."

Akajipangusa makapi. "Nipeleke."

Binti yake alipinga, safari ni ndefu, mama ni mzee. Mama Wegesa alikuwa ameshaingia ndani kubadilisha kitenge. Tulikwenda na gari la ofisi, na kama hilo ni kosa, mnajua nyumbani kwangu. Tulifika jua likiwa kali. Makuru alitupokea, akavua kofia, wakasalimiana kwa lugha yao ya Kinata, maneno machache, yeye na shemeji yake. Kisha tukatembea watatu hadi kwenye mchanga.

Mbele yetu hapakuwa na uzio, hapakuwa na askari, hapakuwa na maji. Angeweza kuvuka. Nilisubiri avuke, na nilikuwa nimeshaamua sitasema kitu. Hakuvuka. Alisema hataki aje kutolewa mbele ya mumewe kama mwizi. Akaikagua bikoni kwa mkono, akaona imara, akaikalia.

Kisha akapaza sauti, kwa lugha yao, akielekea kwenye ile mikuyu. Makuru alinitafsiria kidogo kidogo kwa sauti ya chini. Alimwambia mumewe kwamba mtoto wao Wegesa amepata wajukuu. Kwamba yule ng'ombe mwekundu alikufa kwenye ukame lakini uzao wake upo. Kwamba Petro alikuja huko mapema, amwangalie. Kwamba yeye yuko Busawe, si kwa kupenda, na miguu inauma. Halafu Makuru akaacha kutafsiri, naye akaanza kuongea, wote wawili kwa zamu, na mimi nikasogea mbali, maana maongezi yale hayakuwa ya ofisi.

Vijana, bikoni ile ipo kwenye orodha yenu ya ukaguzi. Sheria inakataza mtu kuegemea alama ya mpaka, sembuse kuikalia. Mkifika pale mkamkuta mama mzee amekaa juu yake anaongea na upande wa pili, zimeni gari mbali, msubiri amalize.